Usiku wa Mume na Mke Katika Nyumba Yenye Watoto: Mjadala

Ndoa za pwani yetu huanza kwa fungate, siku saba ambazo bwana arusi na bibi arusi hupikiwa, hufukiziwa na kukingwa na kila shughuli ya dunia, kwa kuwa jamaa wa pande mbili wamechukua dhamana ya furaha yao. Lakini fungate ikiisha jamaa hutawanyika, watoto huzaliwa mmoja baada ya mwingine, na katika nyumba iliyojaa vilio, madaftari na sufuria, aghalabu hasalii mtu wa kuuliza ni nani sasa anayewaandalia wale wawili jioni yao. Nimeliona swali hili kuwa linastahili mjadala, nami nimelipanga hapa kwa sauti za watu ambao hawakosekani katika mtaa wowote wa Unguja, uwe wa Mji Mkongwe au wa Ng'ambo: maalim wa chuo cha Kurani, mzee aliyelea wana na wajukuu, mama wa watoto wanne, somo aliyefunda maharusi wengi, mvuvi anayeishi katika chumba cha kupanga, na mkunga. Hoja iliyowekwa mbele yao ni hii: kwamba mume na mke wenye watoto wanapaswa kujitengea, ndani ya nyumba yao wenyewe, usiku maalumu wa wao wawili, unaojulikana mapema, unaoandaliwa, na usioghairiwa ila kwa udhuru wa haki.

MAALIM: Mimi naitetea hoja, na ushahidi wangu wa kwanza si wa zama hizi. Kurani Tukufu, katika Sura ya Nur, aya ya 58, imetaja nyakati tatu ambazo watumishi wa nyumba na watoto wasiobaleghe hawaingii kwa wakubwa ila kwa idhini: kabla ya Sala ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo kupumzika, na baada ya Sala ya Isha. Itazameni hekima iliyomo: nyumba ina kuta za kuitenga na jirani, na fauka ya kuta hizo imewekewa mpaka wa saa baina ya mzazi na mtoto, mpaka ambao haukukusudiwa kumwonea mtoto, bali kumfunza kwamba baba yake na mama yake walikuwa mume na mke kabla ya kuwa wazazi, na kwamba hali hiyo ya kwanza haikufutwa na ya pili. Basi maadamu faragha ya baada ya Isha ni kaida iliyothibiti, sioni uzushi wowote katika kuitwaa saa hiyo mara moja kwa juma na kuipamba kwa mkeka safi, chakula kilichofikiriwa na maneno mema. Wenzetu wa dini nyingine watapata burhani yao katika vitabu vyao, lakini akili ya hoja ni moja kwa wote: jambo lisilopewa wakati wake hupotea bila ya mtu yeyote kukusudia kulipoteza.

MZEE: Maalim, aya uliyoitaja naiamini na elimu yako naiheshimu, ninalolikana ni hili la kuigeuza faragha kuwa miadi. Sisi tuliooa zamani hatukuwekeana miadi na wake zetu. Msimu wa karafuu ulipoingia tulikaa jioni ukumbini, mume, mke na watoto, tukichambua karafuu na kutenga makonyo, na katika kuchambua huko tukasema yote tuliyotaka kusema, tukacheka, tukanyamaza, na hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba usiku ule ni wa mahaba. Nahofu kwamba mahaba yaliyopangiwa tarehe hufanana na deni: siku yake ikifika hulipwa, lakini anayelipa halipi kwa furaha na anayelipwa haoni sababu ya kushukuru. Tena naogopa jambo la pili, lililo zito zaidi, nalo ni kwamba mtoto atakayeondolewa mkekani kwa wazazi wake atajiona mgeni katika nyumba aliyozaliwa.

MAMA: Shikamoo, mzee wangu. Nakubali kwamba kazi ya zamani ilikuwa na mapenzi ndani yake, kwa sababu iliwakutanisha mume na mke mbele ya jamvi moja. Lakini kazi ya leo hututenga. Mwenzangu hutoka alfajiri na kurudi usiku. Mimi huuza vitumbua asubuhi na kushona mchana. Watoto hutoka skuli wakaenda chuoni, wakarudi Magharibi na njaa yao na mafunzo yao ya kusomeshwa. Maneno yanayobaki baina yetu ni ya masurufu: unga umekwisha, ada haijalipwa, mdogo ana homa. Ni maneno ya lazima, na nyumba haiendi bila ya hayo, lakini miaka ikipita juu ya maneno hayo pekee, watu wawili waliopendana hujikuta wanajua kila haja ya nyumba na hawajui hata haja moja ya moyo wa mwenzao. Kwa hiyo usiku huo nautaka. Ninachokipinga ni kwamba Maalim ameutaja mkeka safi na chakula kilichofikiriwa pasipo kumtaja atakayeutandika mkeka na atakayekifikiri chakula. Ni nani atakayekuna nazi ya samaki wa kupaka, akawaogesha wanne, akawalisha, akawalaza, akanyoosha nguo, akafukiza chumba, kisha akajipamba, akaketi na kutabasamu? Ikiwa jawabu ni mimi peke yangu, basi mmeniongezea taklifu juu ya taklifu, nanyi mnataka niipokee kwa jina la hiba.

BI SOMO: Mwanangu, malalamiko yako yana haki ndani yake, lakini usikubali kuipoteza ilimu njema kwa sababu ya uzito wa kuitumia. Wanawake wa pwani hii walijua kwamba jioni njema huanza siku nyingi kabla ya jioni yenyewe. Udi wa kupika hautengenezwi siku unapotakiwa. Vipande vya udi na sandali huchanganywa na sukari iliyoyeyushwa, miski na marashi, vikafungiwa ndani ya chupa hata vikakolea. Asumini huchumwa jua likielekea kuchwa, ingali vichomozo, ikatungwa, nayo ikafunguka usiku ikiwa nyweleni au juu ya mto. Kikuba husukwa kwa asumini, rehani na mkadi. Kanga hununuliwa doti, na jina lililoandikwa juu yake huchaguliwa kwa makusudi, kwani mke anayeona haya kulitamka neno kwa ulimi hulisema kwa nguo aliyojifunga. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa wasia mwaka 1858, hali yu mgonjwa, naye pamoja na dini, adabu na huruma kwa maskini, aliweka humo unadhifu, manukato na upole wa mke kwa mumewe. Mwanamke aliyedhani siku zake zimekaribia kwisha hakuona kuwa ni upuuzi kutaja manukato, kwa kuwa alijua kwamba ndoa hulindwa na mambo madogo yanayofanywa daima.

MAMA: Bi Somo, wasia ule naujua, nami nalelewa nao hata leo. Walakini ulikuwa ni wasia wa mama kwa binti, na mama huyo hakukosa kitu, kwa kuwa alimwandikia aliyekuwa mbele yake. Waliokosa ni sisi wa baadaye, ambao kwa miaka zaidi ya 160 tumewasomea mabinti wasia wao na kuwaacha wavulana bila ya wasia wa namna hiyo. Mimi nilifundwa siku nyingi kabla ya kuolewa: namna ya kufukiza, ya kusinga, ya kumpokea mtu aliyechoka. Ndugu zangu wa kiume walipooa, waliambiwa kuhusu mahari na posho, na baada ya hapo hawakuambiwa kitu. Basi mume anangoja jioni nzuri impate, naye hakufunzwa kwamba jioni hutengenezwa, wala hakufunzwa kwamba mkewe naye huchoka na hupenda kupokewa.

MAALIM: Nakiri kwamba ukimya huo ni wetu sisi waume, wala dini haikuuamuru. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa nyumbani akiwasaidia watu wake katika kazi zao. Na imepokewa pia kwamba alishindana naye mbio, naye Bibi Aisha akamshinda, kisha siku nyingine akashindwa. Ikiwa mbora wa viumbe alitenga wakati wa kucheza na mkewe, sijui ni heshima gani ya mume wa leo inayovunjika akikuna nazi usiku mmoja, au akiwaogesha watoto wake huku mwenzake anajifunga kanga mpya.

MVUVI: Niwieni radhi, wakubwa zangu. Naona mnazungumza kama kwamba kila mtu ana ukumbi, chumba cha ndani na roshani ya kupunga upepo. Mimi nimepanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita; ukumbi ni njia ya wapangaji wote, uani ni pa wote, na ndani ya chumba chetu kuna kitanda cha wazazi, godoro la watoto watatu, na pazia katikati. Ama kuhusu usiku maalumu, mimi huvua dagaa. Dagaa hufuata taa katika giza, na mwezi ukipevuka taa zetu hazifui dafu mbele ya mwanga wake, basi ndipo tunapopumzika. Mkiniambia kila usiku wa kuamkia Ijumaa, aghalabu utanikuta ningali baharini. Je, hoja yenu ni ya wenye nafasi peke yao?

MKUNGA: La, baba, hoja ni yako kuliko ya yeyote, kwa sababu yule mwenye nafasi huweza kukutana na mwenzake bila ya kupanga, na wewe huwezi. Siku usiifuate ya jirani. Ifuate kazi yako. Wewe umepewa kalenda na mbingu: mbaamwezi ndiyo majira yako, na mkeo anaweza kuyahesabu tangu mwezi mwandamo. Askari na muuguzi wataifuata zamu yao, mwalimu wa skuli atachagua usiku wa kuamkia mapumziko. Kuhusu chumba, tafuteni nyumba moja ya dada au ya shoga mnayeaminiana, muwekeane zamu: usiku huu watoto wako walale kwake, majuma mawili baadaye watoto wake walale kwako, nao watoto huifurahia safari hiyo kama sikukuu. Likishindikana hilo, laza watoto kwanza, kisha tandikeni mkeka kibarazani au uani baada ya wapangaji kulala, mnywe kahawa ya tangawizi na kipande cha halua. Haya hayahitaji roshani.

Lakini kwa kuwa nimeshapewa nafasi, nitasema na mambo yangu ya ukunga. Kwanza, mama aliyejifungua asitakiwe kuandaa usiku wowote; arubaini yake ni ya kupumzika, na katika siku hizo mume ndiye mwandaaji, naye akimletea mkewe bakuli la uji wa pilipili manga na kuketi naye kwa nusu saa bila ya haraka, ameshautimiza usiku wao. Pili, mtoto anayenyonya huamka kila baada ya saa chache, na hilo si kosa lake wala la mama yake. Wazazi wa mtoto huyo wapange saa moja, wasipange usiku mzima, na akilia achukuliwe kwa furaha, kisha mazungumzo yaendelee pale yalipokatika. Tatu, watu wasidhani kwamba usiku wa mume na mke hauna maana ila kwa kuishia kitandani; mwili uliochoka una haki yake, na mke anayejua kwamba atasikilizwa hata akisema leo sitaki, huketi mkekani kwa moyo mweupe zaidi. Nne, Bi Somo amesifu mafukizo, nami nayapenda, lakini chetezo chenye makaa kitolewe nje kabla ya kulala, wala jiko la makaa lisiachwe kabisa katika chumba kilichofungwa, kwa kuwa hewa ya makaa huua bila ya harufu. Na moshi wa udi usifukizwe alipolala mtoto mchanga au mwenye pumu. Asumini haina moshi, nayo yatosha.

MZEE: Bi Mkunga amesema maneno ya ihsani. Walakini swali langu la pili halijajibiwa: huyo mtoto anayeondolewa, tumwambie nini?

MAMA: Tumwambie kweli, mzee wangu, kwa kadiri ya umri wake. Jua letu huchwa kabla ya saa moja mwaka mzima, na Isha haipiti saa mbili, kwa hiyo wakati upo wa kutosha wa kumpa mtoto haki yake kabla ya kuichukua yetu. Siku hiyo watoto wale mapema, mara baada ya Magharibi, na chakula chao kiwe kitamu kama chetu kitakachofuata. Baba yao, aliyekuwa hana nafasi siku nyingine, akae nao godoroni awaambie "Paukwa!" nao wamwitikie "Pakawa!", awasimulie hata wasinzie. Aliye mkubwa aambiwe wazi kwamba leo baba na mama wana mazungumzo yao, na kwamba akiwa na haja ya kweli abishe hodi, atafunguliwa. Lakini asigeuzwe mlezi wa wadogo zake kila mara, kwani hilo ndilo lingemfanya auchukie usiku wetu. Mtoto aliyezoea hivyo hafukuzwi. Anajifunza kwamba watu hupendana kwa kupeana wakati, nalo ni somo ambalo atalihitaji siku atakapooa au kuolewa, na hakuna chuo wala skuli itakayomfunza badala yetu.

BI SOMO: Nami nakubali kulirekebisha neno langu. Kuanzia sasa nitakaposhuhudia posa nitataka bwana arusi naye apate mzee wa kumfunda: kuchuma asumini, kutandika mkeka, kumwuliza mkewe kisha kumsikiliza mpaka amalize. Ilimu ya manukato haina jinsia.

MZEE: Ikiwa hivyo, basi sina haja ya kuendelea kuipinga hoja yote. Nabakia na tahadhari yangu juu ya deni, nami naomba iwekwe katika sharti: usiku mmoja ukiharibika kwa homa ya mtoto, kwa msiba au kwa uchovu, usidaiwe, wala mmoja asimhesabie mwenzake nyusiku alizokosa. Na katika usiku unaofanyika, pasitajwe ada, kodi, mkopo wala lawama za mama mkwe; hayo yana siku sita nyingine. Simu ziwekwe mbali. Wasiojua la kusema, wacheze bao au karata, au wasikilize nyimbo kwa sauti isiyoamsha watoto. Nyumba zilizokuwa na santuri za Siti binti Saad, alizoanza kuzirekodi Bombay mwaka 1928, zilijua kwamba mume na mke wanaweza kukaa saa nzima wakisikiliza bila ya kusemezana, na saa hiyo isiwe ya bure.

MVUVI: Mimi nitakaporudi mbaamwezi hii, samaki wa jioni yetu nitamchoma mimi. Mke wangu amenichomea samaki miaka yote ya ndoa yetu, na sikumbuki kwamba nimewahi kumwuliza anapenda kula kipande gani.

Hapa nawaacha wasemaji, nami natoa hukumu yangu kama mwandishi aliyezisikiliza hoja zote na kuzitia katika mizani.

Naona kwamba hoja imepita, lakini haikupita katika sura iliyoletwa. Maalim alithibitisha kwamba faragha ya wazazi ni haki; mkunga na mvuvi wakathibitisha kwamba haki hiyo haitegemei ukubwa wa nyumba wala wingi wa fedha, kwa kuwa siku yaweza kufuata mwezi, watoto waweza kupokezanwa kwa zamu, na kibaraza chaweza kuwa ukumbi; mzee akaikinga haki hiyo isigeuke kuwa mateso ya hesabu. Lakini neno ambalo bila ya hilo mengine yote yangekuwa pambo tupu ni neno la mama wa watoto wanne, nalo ni kwamba usiku ulioandaliwa na mtu mmoja kwa ajili ya wawili si usiku wa wawili. Mke aliyefika mkekani amechoka kwa kuuandaa mkeka huo hawezi kufurahi kwa amri, na mume aliyekuta kila kitu tayari hajui thamani ya alichokikuta, kwa hiyo hata shukrani yake huwa ya juu juu. Bali waliogawana kuchuma, kupika, kulaza na kutandika wameshaanza kuwa pamoja tangu mchana, na kinachofuata baada ya Isha ni ukamilifu wa jambo lililokwisha kuanza.

Wapo watakaosema kwamba dunia ina mambo mazito zaidi ya jioni ya mume na mke, na kwamba ni anasa kuwafikiria wawili katika nyumba ambayo watoto wanahitaji viatu. Nami nasema kwamba viatu vya watoto hao hununuliwa kwa shauri la wawili, homa zao hukeshewa na wawili, na khulka zao hutengenezwa kwa kuwatazama wawili wanavyosemezana. Wakati wa wazazi hao ukipuuzwa, gharama yake hulipwa na watoto kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo nawageukia wanaume wenzangu, kwa kuwa wanawake wamekwisha kufundwa vya kutosha na sehemu iliyosalia ni yetu. Usingoje mkeo akuambie kwamba ana hamu nawe wala akulalamikie kwamba humwoni. Leo mwulize ni usiku gani wa juma hili unaomfaa, na jawabu lake lifuate hata kama linakupunguzia baraza na wenzako. Siku hiyo rudi mapema, waogeshe watoto, wasimulie, walaze, kisha mkaribishe mwenzako aketi kabla yako. Na mwanao wa kiume akikuuliza unafanya nini na mbuzi ya kukunia nazi, mweke karibu yako umfunze, ili wasia aliokosa kuandikiwa aupate kwa kukutazama.